Nipe Mji: Kuizunguka Kigoma kwa Msako wa Simu

Ukishindwa kitendawili, unatoa mji. Aliyetega anasema, "Nipe mji," nawe unamtajia Tabora, au Bagamoyo, au Mombasa. Akiuridhia anaupokea, anasimulia kidogo alivyokwenda huko akapokewa, ndipo anafumbua. Tumecheza hivyo tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini tozo ya kutojua iwe mji na si mbuzi. Swali hilo lilinijia hapa Kigoma, likizo ambayo watoto wa dada yangu walikuja kutoka Dar es Salaam, nikawapa simu yenye msako wa vituo saba, nikawaambia mji mzima ni wao tangu alfajiri mpaka jua lizame.

Nawe unaweza kufanya hivyo kwa siku moja, ukiwa na familia, wanafunzi wako au wageni wa harusi waliobaki na siku ya ziada. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Simu inakupa fumbo la mahali. Unalifumbua, unakwenda. GPS ya simu inatambua umefika, inakuuliza swali au inakupa kazi ya kufanya pale pale, na ukimaliza inakufungulia fumbo linalofuata. Hakuna mtembezaji wa kumlipa wala basi la kuwahi. Ukitaka kukaa nusu saa ukinywa chai ya rangi kwa mama ntilie, msako unakusubiri.

Michezo ya namna hii ina umri mdogo. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, mtu akipotezwa kwa makumi ya mita. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi huo uvurugaji ukazimwa, na kesho yake, tarehe 3, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akafukia ndoo yenye vitu vidogo vidogo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo kwa namba za GPS tupu, wenye vipokezi wakaenda kuitafuta. Misako ya simu inayochezwa leo mijini ni jamaa za ndoo ile.

Kwa vifaa, simu moja yatosha watu watatu au wanne, tena ni bora kuliko kila mtu kushika ya kwake. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Actionbound ya Ujerumani: unatunga msako wako kwenye kompyuta, wachezaji wanaufungua kwenye simu. Ukiona hiyo ni mzigo, weka alama za vituo kwenye Google Maps, pakua ramani ya Kigoma na Ujiji ungali kwenye Wi-Fi, kisha tuma vitendawili kimoja kimoja kwa WhatsApp kila wanapokutumia jibu. Wengi hawajui kwamba GPS yenyewe haili bando. Simu inasikiliza setilaiti moja kwa moja, na kinachokula bando ni ramani na picha, kwa hiyo ukishavipakua nyumbani unaweza kucheza mpaka mahali ambako mtandao unakatika. Chaji ndiyo ya kuangalia. GPS ikiwaka mchana kutwa simu ya kawaida haifiki jioni, basi beba pawabanki.

Mahali peupe GPS ya simu hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya miembe au kati ya kuta huyumba zaidi. Unapoweka kituo, ruhusu duara la mita 30, la sivyo utawaona watoto wakizunguka jiwe lile lile huku simu ikiwaambia hawajafika.

Sasa maswali, na hapa ndipo misako mingi inapoharibika, wa kwangu wa kwanza ukiwemo. Niliandika maswali kumi na manne, yote ya miaka na majina. Kufika kituo cha tatu wakubwa wawili walikuwa wameketi kivulini wakitafuta majibu kwenye Google, na mdogo wao wa miaka tisa alikuwa peke yake anayetazama ziwa. Nilipowauliza jioni wameona nini, walinisomea majibu. Usiku ule nilifuta karibu yote. Siku hizi kila swali nalipima hivi: je, mtu aliyekaa sebuleni Sinza, Dar es Salaam, anaweza kulijibu? Akiweza, nalitupa. Swali zuri linakulazimisha usimame mahali penyewe, na lililo bora zaidi linakulazimisha umwamkie mtu.

Ninakupa vituo vyangu jinsi nilivyovipanga. Uvibadilishe utakavyo, ila ule mfuatano usiuvunje ovyo, maana una saa zake.

Anza Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitendawili ni hiki: *Mwezi ukijaa, ndoo yangu inapungua.* Watoto wa mjini watataabika nacho. Wa Kigoma atacheka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai za mafuta ya taa, sasa zaidi taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, lakini mbalamwezi ikitanda maji yote yanakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina la kuwaitia, na boti hupumzika hadi giza lirudi. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga siku. Ukienda mwezi ukiwa mpevu utakuta mchanga mtupu. Uliza pia kama uvuvi umefunguliwa: mwaka 2024 Tanzania iliusimamisha katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana.

Ukifika asubuhi njema utaona kitu ambacho picha haikichukui vizuri. Dagaa wakimwagwa kutoka kwenye boti bado wana rangi ya fedha inayocheza, kama maji yenyewe yamekatwa vipande. Saa moja tu baadaye, wakiwa wameanikwa, fedha ile imezimika na harufu imebadilika. Kazi ya kituo hiki ni kumwamkia mama mmoja anayeanika na kumuuliza dagaa wa leo watakauka saa ngapi, na amejuaje. Jibu hurekodiwa kwa sauti, kwa ruhusa yake. Mama tuliyemuuliza alichukua dagaa mmoja, akamvunja katikati karibu na sikio la mpwa wangu mdogo, akasema, "Bado hajasema." Mkavu, akivunjwa, hulia. Hakuna programu ambayo ingetufundisha hilo, lakini programu ndiyo iliyotupeleka.

Usimpige mtu picha kabla hujamuomba, na ukimuomba akakataa, shukuru uendelee. Ukichukua muda wake wa kazi, nunua kitu. Kikopo kimoja cha dagaa hakikulemei.

Kituo cha pili ni stesheni. *Tulitoka baharini wawili, bega kwa bega, tumefika ziwani hatujagusana.* Hii ndiyo reli, na Kigoma huitwa Mwisho wa Reli kwa haki. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika hapa mwanzoni mwa 1914, kiasi cha kilomita 1,250. Miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Jengo la stesheni ni la zama zile, na ukilitazama kutoka barabarani unaona wazi lilijengwa na watu waliotarajia kukaa sana.

Lakini usiulize mwaka wa jengo. Andika hivi: *Mtafute mtu aliyeshuka treni hapa kabla hujazaliwa. Muulize alishuka na nini mkononi.* Kwa watoto hili ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa sababu karibu na stesheni hakosekani mzee aliyekaa. Shikamoo moja iliyotamkwa vizuri inafungua zaidi ya namba yoyote ya siri. Mzee wetu alishuka na sanduku la bati na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mkwe. Jogoo alitoroka Tabora, akashikwa, akatoroka tena Kaliua. Watoto walikaa pale dakika arobaini, na mimi niliyekuwa nikiwafuata kwa mbali sikuwaharakisha.

Hapo hapo jirani ni bandari, na kitendawili cha tatu: *Nilisafiri ndani ya masanduku kabla sijasafiri juu ya maji. Nikazamishwa na walionileta, nikaamshwa na adui zao.* Ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hiyo uliyotoka kuitazama, ikaungwa upya hapa Kigoma. Ilishushwa majini 1915. Julai 1916, Wajerumani walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kwanza mafundi wakazipaka mashine zake grisi nzito, kama mtu anayeficha kitu anachotarajia kurudia. Waingereza waliiibua 1924, na grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.

Bandari na reli ni maeneo yenye ulinzi. Usiwatume watoto kuchungulia getini wala kupiga picha. Mwone askari, mweleze mchezo wenu, na usipopata ruhusa waridhike kutazama kutoka juu barabarani. Usiwaahidi kuipanda Liemba: miaka ya karibuni imekuwa chombo cha kusubiri ukarabati kuliko cha safari. Kazi yangu hapa ni ya kuchora. Kila mmoja anapewa karatasi na kalamu, anachora mlima wa ng'ambo unavyoonekana. Hiyo ng'ambo ni Kongo. Siku ya ukungu haionekani kabisa, na mtoto akirudisha karatasi nyeupe mpe alama zote.

Kutoka stesheni unapanda na Barabara ya Lumumba hadi Mwanga. Sokoni Mwanga usikae sana, jua limeshakuwa kali. Mpe kila mtu shilingi 1,000 anunue kitu asichokijua jina, na alijue kabla ya kulipa. Wetu walirudi na chikichi na chupa ndogo ya mawese mekundu yaliyoanza kuganda shingoni. Kuleni hapo hapo: ugali wa muhogo na mgebuka, au kuhe kama mna bahati. Pumzikeni mpaka saa tisa.

Saa tisa pandeni daladala ya Ujiji. Ni safari fupi, lakini umri wa mji unabadilika njiani. Kigoma ya stesheni ni mtoto wa reli. Ujiji ilikuwa mji wa misafara zamani sana kabla reli haijafikiriwa, mwisho wa njia ya pembe na watumwa iliyoanzia Bagamoyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakaukuta mji wenye wenyewe. Ukitazama miembe mikubwa ya Ujiji kumbuka watu waliopita chini yake wakiwa wamefungwa shingo, na uwaambie watoto ukweli huo kwa maneno wanayoyaweza. Msako ni mchezo, ila mahali hapa si pa kupitia mbio. Mimi kwenye kituo hiki nimeweka dakika tano ambazo simu haiwaambii lolote.

*Babu hayupo, lakini kivuli chake kimezaa.* Jibu ni mwembe ambao chini yake mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari Livingstone. Mti wenyewe ulikufa zamani, iliyopo leo husemwa imetokana nao. Pana mnara wa jiwe na jumba la makumbusho, na ndani sanamu za wale wawili wakiamkiana kwa kuvua kofia. Lipa kiingilio, na umsikilize mtunzaji hadi mwisho. Tarehe tuliyofundishwa shuleni, 10 Novemba 1871, ni ya hesabu ya Stanley. Livingstone mwenyewe, kwa maradhi na kutembea, alikuwa amepoteza hesabu ya siku.

Swali la hapa lisiwe tarehe. Waulize hivi: *Ziwa liko upande gani, na kwa nini liko mbali hivyo?* Wale wawili walikutana kwenye mji wa ufukweni, ilhali leo kutoka kwenye jiwe unatembea kitambo ndipo uone maji. Sababu inapendeza. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na siku zile ulikuwa umezibwa kwa matope na majani. Maji yakapanda mpaka 1878 hivi yalipovunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita kumi. Ujiji ikabaki nyuma. Tena mambo hayajatulia: kuanzia 2020 maji yalipanda sana, yakameza fukwe na nyumba, Kibirizi ikiwemo. Kituo changu kimoja, kisiki cha boti kuukuu nilichokipenda, kilikwenda na maji hayo. Usifunge swali lolote kwenye kitu kilicho hatua ishirini kutoka ziwani bila kwenda kukiangalia wiki ile ile.

Teremkeni sasa hadi ufukweni kwa mafundi wa mitumbwi. *Nimelishwa pamba ili nisinywe maji.* Mpeni fundi salamu kamili, si ya kupita. Mkimkuta anatia kalafati mtakuwa mmepata jibu bila kuuliza: anasokota pamba kidoleni, anaisukuma kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaigonga kwa patasi butu, tok, tok, kisha anasikiliza. Sauti ikiwa bapa, ufa bado una njaa. Ikiwa kavu na fupi, umeshiba. Mpwa wangu mkubwa, ambaye asubuhi yote alikuwa akiuliza imebaki vituo vingapi, aliachiwa nyundo agonge mara tatu. Ya tatu fundi aliikubali. Ziwa ambalo chombo hicho kinakwenda kuingia lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kinachozuia lisiingie ndani ni kidole cha huyu baba na sikio lake. Hiki ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote. Kama una nusu siku tu, acha vingine vyote uje hapa na Kibirizi.

Mambo machache kabla hujawaruhusu watoke. Simu ishikwe na mtu mmoja, zamu ibadilike kila kituo, na anayetembea asitazame kioo, maana bodaboda za Mwanga hazimsubiri mtu. Watu wazima wabebe vitambulisho, huu ni mkoa wa mpakani na kuulizwa ni kawaida. Watoto wasiingie majini kwenye majani na maji yaliyotuama, kichocho kipo. Mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo wakati huo gawa msako siku mbili. Ujiji vaeni kwa staha, na adhana ikilia karibu nanyi, punguzeni sauti.

Kituo cha saba hakina GPS. Simu inaonyesha mstari mmoja tu: *Nizime. Kila mmoja atege chake.* Mnakaa mchangani Ujiji, mkitazama magharibi, kila mmoja anatunga kitendawili cha kitu alichokiona siku hiyo, na asiyejua anatoa mji. Wape nafasi ya kufikiri, wasiharakishwe na giza.

Siku yetu ile mdogo alikuwa wa mwisho. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mchana kipofu, usiku ana macho mia."

Tulijaribu popo, tukajaribu mji, tukajaribu mbingu. Hakuna. Akasema, "Mjomba, nipe mji." Nikampa Tabora, akakataa. Nikampa Dar es Salaam, akasema huko ndiko kwao, hauwezi kuwa zawadi. Nikamuuliza autaka upi.

"Huu."

Nikampa. Akakaa nao kidogo kimya, kisha akanyoosha mkono kuelekea majini, ambako boti za kwanza zilikuwa zimeshatoka na taa zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja. "Ziwa," akasema.